Upande wa Kulia

Likisimama, zima.
Nabonyeza kitufe, bawa la nyuma linainuka
taratibu, kama mtu anayenyanyuka mkekani
akikumbuka hajaswali.
Nabonyeza tena, linalala.
Mara kumi. Murtaza anahesabu kwa vidole,
ananitazama kana kwamba mwongo ni mimi.

"Lakini nikifika mia na ishirini, fundi, linagoma.
Taa ya njano inawaka.
Na kona ile ya matairi meupe
mkia unataka kunitangulia."

Fyuzi niliitazama: nzima.
Waya nilizifuata mmoja mmoja,
tochi mdomoni kama mswaki.
Mota nikaitegea sikio. Inanguruma kwa adabu.
Vijana walioletwa kufagia kiwanja,
uwanja wa ndege wa zamani wa shamba la mkonge, nje ya Pongwe,
ambako sasa hushuka mbuzi tu,
wakasema labda limerogwa.
Mmoja akasema labda halipendi fundi mwanamke.
Nikampa spana anishikie, na afunge mdomo.

Mficha maradhi, nilishalijua.
Ugonjwa wa mwendo hautibiwi kivulini.
Nikapanda.

Siti za nyuma za gari lile ni za paka.
Nikapiga magoti juu yake, nimegeuka,
paji la uso kwenye kioo cha nyuma,
mgongo kwa dereva na kwa kila kinachokuja.
Sijapata kwenda mbele namna ile,
naona tu tulichokwisha kukipita,
mistari ya mikonge ikijifunga nyuma yetu kama zipu.
"Themanini!" Murtaza anapiga kelele. "Mia!"
Injini iko chini ya kifua changu, inanisemea moyo.
"Na ishirini!"

Likaamka.
Kushoto kwanza.
Kulia kukachelewa, unywele, ukucha, kidole,
upepo ukaliwahi, ukalikalia,
bawa likapinda
kama bega la mchota maji mwenye ndoo moja,
likasita,
likasita,
taa.

"Umeona?"
"Nimeona. Punguza."
Hakupunguza.
Ilibidi nimtajie jina la baba yake.

Chini ya kifuniko, bado moto,
nikapeleka kidole pasipofika tochi,
kwenye ile skrubu ndefu inayoinua upande wa kulia.
Kidole kikajua kabla yangu.
Katani.
Nyuzi zimejisokota, mzunguko juu ya mzunguko,
zimekunywa grisi, zimekauka,
ngumu kama kamba ya kufungia mbuzi.

Mama alifanya kazi kwenye korona miaka kumi na tisa.
Alirudi nazo kwenye kanga, kwenye nyusi, kwenye wali.
Nilizitoa mdomoni nikila, sikuuliza.
Sasa nazinyofoa kwa koleo
ndani ya gari la bei ya nyumba zote
za upande wetu, Barabara ya Kumi na Nne.

Likisimama, mota ina nguvu za kuzivuta.
Ukiiongezea uzito wa upepo, haina.
Ndiyo hivyo tu.
Hata mimi nina mambo nayabeba vizuri
mradi nimekaa.

Akazunguka mara nne.
Nilikuwa juu ya magunia ya mchanga, nimekinga macho:
bawa juu, kushoto na kulia kwa pamoja,
gari likaikamata kona kama limeshonewa pale.
Murtaza akatoa mkono dirishani.
Yule kijana wa spana akapiga makofi,
kisha akajifanya anaua mbu.

Halafu, kurudi, likakataa kushuka.
(Grisi yangu, nadhani, imezidi,
imefunika swichi ya chini.)
Tukaingia Ngamiani hivyo hivyo,
spidi ya mkokoteni, tuta kwa tuta,
bawa wima kama mkia wa jogoo asiye na wa kupigana naye,
watoto nyuma yetu wakiimba, "Shusha! Shusha!"

"Kesho, fundi," akasema mlangoni.
"Kesho kutwa," nikamwambia.
"Kesho nafua."