Jozi

Daktari Lamzira alinizungushia kitambaa mkononi,
akapuliza, akasikiliza, akakunja uso.
"Mia na sabini na nane, Jumber. Punguza chumvi.
Meza vidonge hivi. Na mboga ule."

Mboga!
Mimi, fundi breki wa reli miaka thelathini na minane,
mtu wa nyama ya nguruwe na jibini la kuchovya chumvini,
leo nigeuzwe mbuzi?

Lakini presha naijua.
Bomba likiziba, treni haikuulizi umri.

Jumamosi nikashuka sokoni Kutaisi,
nikasimama mbele ya Nazibrola na mafungu yake.
"Nipe zile alizokuwa akinunua Tsiala."
Hakuuliza zipi. Akafunga bitiruti na majani yake,
vitunguu saumu, giligilani, karoti tatu,
na mfuko wa jozi.
"Majani usitupe," akasema.
"Watu hutupa damu yao jalalani, kisha hushangaa wanapata kizunguzungu."

Tsiala hakuandika kitu.
Vipimo vyote alikuwa navyo vidoleni,
na vidole tulivizika mwezi wa Machi.
Nikajifunza kwa kuharibu.

Majani ya kwanza niliyachemsha mpaka yakawa uji wa kijivu.
Nazibrola alicheka hadi akashikilia mizani.
"Hufui mashati, Jumber! Maji yachemke kwanza,
ndipo uyatose. Hesabu mia na ishirini, opoa.
Yakipoa yakamue, na maji yake ni supu, usimwage.
Yakatekate. Twanga jozi na kitunguu saumu,
tia giligilani, tia siki kidogo:
chuma kimelala ndani ya jani,
hakiamki mpaka kiguswe na kitu kichachu.
Komamanga, basi, juu. Chumvi? Chumvi ya nini?"

Na bitiruti yenyewe nioke na ganda lake,
maana ganda ni koti,
na anayevuliwa koti mapema hupoteza joto lote njiani.
Laini, tamu, nikala nne kwa mkupuo.
Husaidia mishipa kulegea, daktari alisema.
Nililegea kweli.

Maana alfajiri, chooni, nikaona nyekundu.

Nilikaa ukingoni mwa beseni, miguu baridi.
Nikaitoa suti ya kuzikiwa kabatini, nikaipiga brashi.
Saa kumi na mbili nikampigia Lamzira.
"Jana ulikula nini?"
Nikanyamaza.
"Bitiruti ngapi?"
"Nne."
Alicheka kicheko ambacho hakikufundishwa chuoni.
"Rangi tu hiyo, mzee. Ahirisha mazishi. Na kesho kula moja."

Suti nikairudisha.
Nikajifunza karoti: kuiparua, kuipitisha mafutani kidogo,
kwa kuwa karoti bila mafuta ni barua bila stempu,
faida yake ya macho haifiki inakokwenda.
Nikajifunza kabichi mbichi, nyembamba kama nyuzi,
niiminye kwa ndimu mpaka isalimu amri.

Juzi kitambaa kilisema mia na arobaini na sita.
"Usiyashukuru majani peke yake," Lamzira akaonya,
"na vidonge usiache." Siachi.
Breki ya mkono haiondoi breki ya mguu.

Jioni napasua jozi.
Ganda moja, nusu mbili zilizokumbatiana gizani,
na mimi niliyebaki nusu nazitenganisha kwa kisu cha reli:
hii mdomoni, hii kinuni.
Naandaa sahani mbili. Mazoea.
Ya pili namshushia Otia wa ghorofa ya chini,
mseja anayeishi kwa mkate na sigara.

Jana alitafuna, akasita, akanitazama.
"Kitunguu saumu kimezidi."

Hata yeye Tsiala alikuwa akikizidisha,
na mimi nikimlalamikia hivyo hivyo, miaka yote.

Nikapanda ngazi taratibu, bila kutweta,
nikijua kwamba nimepatia.