Matoleo Manne

Mzee Kyungu, mchapishaji wa Katuba, amenipa jibu:
matoleo manne. La tano utalilipia mwenyewe,
wino si mvua.
Nikarudi nyumbani na mashujaa kumi na mmoja
ndani ya kasha la sabuni.

Baba aliwachora usiku,
nyuma ya karatasi za mishahara ya mgodi.
Ukigeuza ukurasa, ngumi inatua
juu ya jina la mtu na saa alizochelewa.
Hakuna mtoto aliyewahi kuwavaa kifuani.
Wale wa ng'ambo, wenye majoho,
walipata madaftari na mikoba ya shule;
hawa wetu walifungia karanga.

Yupo Fundi Waya, anayeuma umeme kwa meno,
ila Jumatano tu. Baba hakueleza kwa nini.
Yupo Kijana wa Moshi: anaingia chini ya dohani la kiwanda,
anatokea juu, mweusi, akipiga chafya.
Wapo pacha wenye kivuli kimoja;
wakigombana, mchana unakataa kuisha.
Yupo Kiziwi Monga, asikiaye shaba ikikua
chini ya vyumba vya watu,
na hajamwambia tajiri yeyote.
Na yupo mmoja asiye na jina.
Nguvu yake ni kufika.
Anachelewa, lakini anafika.

Nimewapanga mezani, taa ya betri katikati,
nikaanza kuchagua kama kocha asiye na jezi za kutosha.
Fundi Waya, ndiyo: umeme umekatika tangu juzi,
mtaa mzima utamwelewa.
Pacha, ndiyo, ila nimewahesabu mmoja.
Monga nimemwongezea mvi.
Miaka thelathini ndani ya harufu ya sabuni si mchezo.
Mama Sufuria akanikodolea jicho
ambalo baba alilikosea, kubwa kuliko mwenzake.
Nilitaka kulinyoosha. Mkono ukagoma.

Mwadi, mdogo wangu, akapita na bukari:
Nani atanunua watu wasiojulikana?
Nikamwuliza: sisi tunajulikana na nani?
Akacheka, akaacha kidole cha sombe
kwenye bega la Kijana wa Moshi.
Sasa ana nembo. Sikuifuta.

Waliobaki nimewaficha toleo la tatu,
kwenye foleni ya maji, Kenya, alfajiri,
kila mmoja na bidoo lake la njano.
Hawaokoi mtu. Wanasogea.

Kuhusu yule asiye na jina:
usiku wa manane niligeuza karatasi zake zote tano.
Nyuma ya kila moja, mtu yuleyule:
Kabange, zamu ya chini.
Amechelewa. Amechelewa. Amechelewa.
Hakufika.
Ya tano ina mstari wa kalamu nyekundu juu ya jina,
wa rula, ulionyooka sana.

Baba alikuwa karani wa zamu.
Hiyo kalamu nyekundu naijua. Ipo kwenye droo.

Toleo la nne nimelimaliza leo.
Mzee Kyungu ameshika fremu ya mwisho kwenye mwanga:
Hapa pana geti, pana mtu, mgongo wa nyumba.
Mbona hakuna maneno? Umesahau?
Nikamwambia, chapa hivyohivyo.
Wino ulikuwa umebaki tone.
Nimeutumia kwenye viatu vyake:
udongo mwekundu hauchapiki mwekundu,
basi mweusi, mpaka magotini.