Fungu la Kumi

Kazi yangu ni chaki.
Uani kwa dalali, Barabara ya Lusaka,
nazipa namba mali za watu
kabla hazijapata mwenyewe mwingine.
Jokofu la bucha: fungu la tatu.
Viti vya saluni, bado vina nywele: la sita.
Cherehani arobaini za Bi. Kerubo: la kumi.

Fungu la kumi! Mama yangu angesema hilo ni la Bwana.
Nilicheka kidogo,
kisha nikaona haya,
maana Kerubo mwenyewe alikuwa amesimama langoni
akizihesabu kwa midomo.

Redioni mtaalamu anasema chanzo ni dola.
Mwingine anasema mvua, mwingine vita vya mbali,
mwingine mafuta.
Sibishi. Wamesoma.
Lakini chaki nayo imesoma kidogo.

Serikali iliagiza sare, jozi elfu tisa.
Kerubo akakopa kitambaa, akakopa na mishahara,
akashona mchana, akashona usiku,
akapeleka, akapigiwa muhuri: IMEPOKELEWA.
Muhuri hauliwi.
Mwaka ukapita, ukamvuta mwenzake.
Hakulipwa, hakumlipa Velji wa vitambaa.
Velji akafunga duka la Mtaa wa Biashara,
wapagazi wake wakaacha kula githeri kwa Mutheu,
Mutheu akashindwa na kodi ya kibanda,
mwenye kibanda akaenda benki kuomba muda,
benki ikamwambia hata sisi,
ikapandisha riba ili isiogope peke yake.
Kila mtu alikuwa akimsubiri wa mbele yake,
foleni moja kutoka Mukuru hadi Hazina,
na yule wa mbele kabisa
alikuwa amegeuka, anatutazama sisi,
anasubiri kodi.

Ndipo ikaja hotuba, na mkoba, na Mpango wa Kuinuka.
Nisiwe mchoyo wa ukweli:
vijana walipewa sepeto na vizibao vya rangi ya chungwa,
mtaro wa nyuma ya kiwanda cha betri ukazibuliwa,
maji yakakumbuka njia.
Ijumaa ya kwanza walipolipwa
niliiona noti ya mia tano ikitembea kwa miguu yake:
kwa kinyozi, kwa muuza viatu, kwa Mutheu.
Mutheu akawasha jiko la pili.
Wiki sita.
Halafu jiko moja tena.

Siku ya mnada wanunuzi walikuwa watatu,
wawili wamefuata kivuli.
Wa tatu alishuka kwenye gari la serikali,
akazungukazunguka, akabonyeza kanyagio moja kwa kiatu,
akanunua fungu la kumi kwa bei ya kutupa:
cherehani za kufundishia vijana,
chini ya Mpango.
Dalali akanyoosha mkono apokee hundi.
Akapewa karatasi. Italipwa baada ya siku tisini.
Na muhuri.

Juzi nilipita kituo cha mafunzo, South B.
Mwalimu ni nani? Kerubo.
Alinionyesha ile ya saba kutoka dirishani,
inayokata uzi ukiikimbiza,
"hii lazima uibembeleze, kama mkwe."
Wasichana wanane walikuwa wameinama, wanashona
sare, za shule gani hakuna aliyejua.
Nikamuuliza habari za mshahara.
"Nimetia sahihi," akasema,
akakata uzi kwa meno.

Chaki yangu bado ipo ubavuni mwa kila moja,
kumi, kumi, kumi, nyeupe kama siku ile.
Nikatoa leso nifute.
"Iache," akasema.
"Wakirudi kuzichukua
usije ukahangaika kuandika upya."