Nukta ya Saa Tisa Usiku

Tulitundika vidude arobaini na viwili
Mukuru kwa Reuben, chini ya mabati,
kila kimoja kidogo kama kifungo cha koti,
kazi yake moja tu: kuhesabu joto
kila robo saa, mchana na usiku, bila kunung'unika.

Mimi ndiye niliyepanda stuli na nyundo.
Kerubo, mhudumu wa afya ya jamii.
Nilibisha hodi, nikaeleza, nikaelezwa na mimi:
"Joto halitaki mashine, dada.
Kaa hapa toka adhuhuri, utalijua bure."

Februari ilitukalia kama deni.
Watoto walilala chini kwenye saruji,
wakigeukageuka kutafuta upande wenye ubaridi,
wakiumaliza, wakihamia mwingine.

Kila Ijumaa namba ziliondoka.
Zilikwenda Dhaka kwa Daktari Shirin,
ambaye naye ana mabati yake na mto wake mweusi;
zilikwenda Uppsala kwa Profesa Lindqvist,
aliyetuomba radhi kwa theluji ya dirishani mwake
kana kwamba alituibia.

Siku ya kikao, skrini ikatuketisha pamoja.
Kwetu saa tisa mchana. Dhaka wanasubiri futari.
Mistari miwili ikatokea, mwekundu wetu, wa buluu wao,
ikipanda pamoja, ikishuka pamoja,
pacha waliolelewa mbalimbali
wakikohoa kikohozi kimoja.
Dhaka sijafika. Lakini bati nililitambua.

Kisha Lindqvist akaonyesha nukta moja,
juu, peke yake, mbali na wenzake.
Nyumba ya thelathini na moja. Saa tisa usiku.
Nyuzi thelathini na tisa nukta sita.
"Usiku haupandi hivi," akasema. "Kifaa kimekosea. Tuifute?"
Wote wakaitikia.
Hata mimi nilijua usiku haupandi hivyo.
Nikaomba wiki moja.

Nyumba ya thelathini na moja ni ya Nzilani.
Alikuwa anafua sare za watu.
Nilipomtajia tarehe alinyamaza,
akakausha mikono kwenye leso, kidole kwa kidole.
"Ni mimi. Nilikitoa msumarini.
Mtoto alikuwa anachemka, duka la dawa limefungwa,
na wewe ulisema kitu hicho kinajua joto.
Nikakibana kwapani mwake.
Nikangoja.
Nikakitazama: hakina namba. Hakina hata uso.
Nikakirudisha.
Nisamehe kama nimewaharibia sayansi."

Jibu lake, basi, lilikuwepo.
Lilitoka kwapani mwa Mutanu
likafika Uppsala, likapigwa rangi nyekundu,
likarudi Mukuru baada ya siku ishirini
likiitwa kosa.
Mutanu mwenyewe alikuwa mlangoni
anatafuna kizibo cha soda. Nikamnyang'anya. Akalia kwa nguvu,
na kilio kile kilinifurahisha.

Ijumaa nikawasimulia.
Shirin alivua miwani, akaifuta, hakuivaa.
Lindqvist alisema polepole, kama anayepita penye utelezi:
si joto la nyumba, kwa hiyo haiwezi kubaki pale.
Ni kweli. Sikumpinga.
Akafungua safu mpya pembeni mwa jedwali, akaihamishia huko,
tukabishana jina la safu hiyo
kwa Kiingereza cha nchi tatu, dakika arobaini,
mpaka adhana ikasikika Dhaka, Shirin akaenda kula tende.
Safu haijapata kichwa mpaka leo.
Ndani yake mna namba moja.

Nikirudi, nilipita duka la dawa kabla halijafungwa.
Shilingi mia mbili na hamsini,
posho yangu ya siku mbili na chenji.
Hiyo sikuiandika kwenye ripoti.
Nilimwachia Nzilani mezani, kando ya sabuni,
nikamwonyesha pa kubonyeza.
Kina namba usoni.