Pipa Limegoma

Tukuyu, wiki ya tatu jua hatujaliona.
Nepi za Lugano zinanuka ukungu,
na mashine ya kukaushia inanguruma tu,
pipa limegoma.

Fundi wa Mwanjelwa, kwa simu:
"Mota hiyo, mama. Laki mbili."
Nikachomoa waya ukutani. Nikaazima bisibisi.

Mota haina neno.
Nilisukumapo pipa kwa kiganja
linakwenda, jepesi mno, kama mlango usio na komeo:
mkanda umekatika,
umelala chini kwenye manyoya ya mablanketi.

Na ile kelele ya tangu Pasaka,
iliyomhamishia Ambakisye sebuleni?
Kigurudumu kimelika upande.
Kando yake, shilingi mia mbili.

Nimeitia mfukoni.
Mkanda unakuja kesho na basi la Mbeya.
Leo nepi ziko juu ya mafiga,
zinanuka moshi. Afadhali moshi.