Meno Chini ya Bampa

Pikapu ilipotoka bandarini
ilikuwa na meno mawili ya chuma chini ya bampa,
matundu manne, na waya uliokatwa
kama kitovu kilichosahauliwa kufungwa.
Ndani, pembeni mwa usukani, swichi ya buluu
na juu yake nyota ya matawi sita.

Gerezani nzima ilikuja kubashiri.
Mmoja akasema, ya kukokotea trela.
Mwingine, ya kukingia ng'ombe, huko kwao wanazurura.
Kisha Hamduni, anayeshika tochi tu na halipwi,
akasema: hapo hufungwa jembe la kusukuma theluji.
Tukacheka mpaka chai ikamwagika.
Theluji niijuayo mimi ni ya friza ya Mashavu,
anayoikwangua kwa upawa
akitafuta barafu za ubuyu zilikojificha.

Masika yakaja.
Msimbazi ukapanda vitandani mwa watu bila hodi,
ukalala siku mbili, ukaondoka,
ukaacha shuka lake.

Fundi Mkwizu akayatazama yale meno, akanyamaza.
Akaenda kwa wauza skrepa, akarudi na kipande cha bomba
pana kama tumbo la boza.
Tukalipasua kwa gesi,
mgongo ukabaki kwetu, tumbo likaelekea tope.

"Bolti usiikaze moja mpaka mwisho," akasema,
"zizungushe zote kidogokidogo, zifahamiane.
Hapa weka spring mbili.
Likigonga jiwe lirudi nyuma, lisikuvunjie gari."
Pampu hatukuwa nayo, tukafunga winchi ya mkono.
Chini tukalivisha viatu, vyuma vya spring ya lori,
lielee kidole kimoja juu ya lami,
lisije likaila na barabara yenyewe.
Na nyuma viroba sita vya mchanga,
maana pua ilikuwa imeinama
kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Kigogo, saa kumi na mbili asubuhi.
Gia ya kwanza. Hamduni akateremsha.
Tope likajikunja mbele yetu
kama chapati mkononi mwa mpishi mwenye hasira,
likakusanya ndala ya kushoto, chupa, chupa,
mlango wa kabati, daftari la hesabu la darasa la tano,
chupa.
Watoto wakakimbia pembeni wakishangilia,
nami, kusema kweli, nikatoa kiwiko dirishani
kama bwana harusi.

"Wewe dereva!"
Bi Somoe, kanga imefungwa kifuani, ndoo mkononi.
"Langu nililitoa jana, ndoo kwa ndoo.
Hilo la nani unaniletea?"

Nikatazama nyuma.
Barabara imenyooka, inang'aa, unaweza kuanikia dagaa.
Na kando yake ukuta wa tope
umefika kiunoni, umeziba milango kumi na mmoja.

Hilo Mkwizu hakunifundisha.
Nilidhani tunaliondoa.
Kumbe tulikuwa tunachagua
nani aamke nalo kizingitini.

Nikazima gari. Nikaomba koleo,
nikapewa la mpini mfupi, la adhabu.
Viroba vya mchanga tukavishusha, tope likapanda mahali pake,
uzito uleule,
pua haikujua tofauti.
Safari ya kwanza, ya pili, ya tano,
tukalimwaga kwenye shimo walilotuonyesha mtaani,
na Bi Somoe, bila kutusamehe,
akaleta uji wa pilipili manga.

Alasiri Hamduni akakaa kwenye usukani
akabonyeza ile swichi ya nyota.
Kimya.
Akabonyeza tena.

"Labda kuna mzee huko," akasema,
"amesimama mlangoni, nyeupe imemfika magotini,
anajiuliza gari lake limekwenda wapi."

Nikamtazama. Tope limemkauka hadi kwenye nyusi.
Nikamwambia ashuke,
bado milango minne.