Kitufe Kisicho na Jina

Heldur ni fundi wa kukaza nyuzi za piano.
Alikuja ofisini kwetu, Tartu, mwezi wa Februari,
theluji ikimdondoka kolani,
akaegemeza fimbo yake nyeupe ukutani,
akaweka kompyuta mezani bila kukaribishwa:
"Nataka kwenda Kihnu. Nikatieni tiketi,
lakini kwa njia yangu."

Kisha akaifunika skrini kwa skafu.

Tulicheka kidogo. Tovuti ya feri ilikuwa kazi ya mikono yetu,
buluu juu ya buluu, mawimbi yanayotembea.
Tuliichapisha kubwa, tukaitundika mlangoni.

Sauti ya mashine ikaanza, kavu, ya mbio:
Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha.
Picha sifuri sifuri nne saba.
Kitufe.

"Kipi kinakwenda, kipi kinarudi?"
Mimi ndiye niliyevitengeneza,
na sikujua.

Dakika ya ishirini na mbili tukaingia kwenye kalenda,
nayo ikatumeza. Kila alipobonyeza, Machi,
akibonyeza tena, Machi,
tukazunguka kama ngamia wa kinu
mpaka sauti ikasema: Samahani, muda wako umekwisha.
Ni sentensi hiyo tu tuliyoiandika kwa ukamilifu.

Hakukasirika. Alikunja skafu yake.
"Mwezi uliopita dada yangu alitimiza themanini
kule kisiwani. Nilimwimbia kwa simu."

Usiku ule nilichomoa kipanya, nikazima skrini,
nikajigonga kwenye kuta nilizozijenga mwenyewe.
Halafu nikaanza kuvipa majina, kimoja kimoja:
Nenda Kihnu. Rudi bara. Chagua siku. Idadi ya abiria.

Picha ya feri ilinikalisha hadi saa nane.
Niiandikeje? "Bahari." Nikafuta.
"Feri." Nikafuta.
"Feri nyeupe, barafu imepasuka nyuma yake;
juu ya sitaha mwanamke ameshikilia kofia
isichukuliwe na upepo."
Miaka miwili alikuwa pale, mwanamke yule.
Ndiyo kwanza ninamwona.

Aprili Heldur alirudi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa,
vile anavyosikiliza uzi mmoja kati ya mia mbili.
Dakika nne. Tiketi.
Sote tukashusha pumzi, mtu akataja keki.

Yeye akarudi nyuma hatua moja, akasikiliza tena.
"Hiki cha mwisho," akasema, "bado kimelegea."

Nikavuta kiti.